Nilimezwa na Choo cha Gesti Mkiwa

Ndugu zangu mnaonisikiliza, mimi naitwa Mkumbo, mzaliwa wa Kinyangiri. Kazi yangu ilikuwa zimamoto, Singida mjini. Kabla ya yaliyonipata nilikuwa na nguvu za fahali. Mke wangu, Maria, alinung'unika kwamba nakula ugali wa watu watatu.

Enzi hizo biashara zilikuwa zimeachiwa huru, na pale njia panda ya Mkiwa kila mwenye uwezo alijenga gesti. Mmoja alichimba choo, akatandaza miti mibichi juu ya shimo, akaipaka saruji nyembamba. Mchwa wakaila ile miti. Asubuhi moja mpishi wake, Mama Salome, aliingia chooni, sakafu ikatitia naye.

Dereva wa lori ndiye aliyetuletea habari. Tulipofika, mwenye gesti alitupokea kwa kunong'ona: "Jamani, msipige kelele. Kuna wateja wanakunywa chai."

Mama Salome alikuwa amezama hadi kifuani, ameng'ang'ania kipande cha mti. Sisi vifaa vya kupumulia hatukuwa navyo. Tulikuwa na kamba tu. Kiongozi wetu, Mzee Ntandu, akanifunga kiunoni.

"Ukisikia kizunguzungu, vuta."

Nikashuka. Sitapamba maneno. Kilikuwa kinyesi, chenye uvuguvugu, kinachochezacheza kwa funza. Harufu iliuma macho kama pilipili. Nilimfunga mama kamba ya pili kwapani, wakamvuta akatoka. Ilipofika zamu yangu, ukingo ukabomoka, nikazama mpaka kichwa. Nikameza. Bati lenye kutu likanichana mguu chini ya goti. Walinitoa natapika.

Nyumbani nikaharisha maji matupu. Kifua kikajaa makohozi ya kijani. Mguu ukavimba, ukatoa usaha, ukaanza kunuka. Shangazi yangu akaja na samadi ya ng'ombe, akanibandika nikiwa nimelewa homa.

"Shangazi," nikamwambia, "kinyesi tena?"

"Nyamaza, ndiyo dawa."

Samadi ilipobanduliwa, kidondani mlikuwa na funza. Kaka yangu Elia alisimama mlangoni, ameziba pua kwa shati. "Huyu ameshaoza. Tafuteni sanda."

Maria akamjibu, "Shemeji, toka mlangoni, unatuzibia hewa." Siku hiyohiyo akatafuta gari, akanipeleka hospitali.

Daktari alipofungua kitambaa, muuguzi mmoja alikimbilia nje. Daktari mwenyewe hakukunja uso. "Baba, nyama hii imekufa. Naikwangua. Nisipokuta damu, mguu naukata."

Ganzi haikushika vizuri. Nilisikia kisu kinakwangua kama mtu anayeparua ukoko wa sufuria. Nilijitapikia kwa harufu yangu mwenyewe. Daktari akaendelea, akaendelea, kisha akasema, "Damu hii hapa." Maria akaangua kilio.

Nikachomwa sindano mpaka makalio yakawa magumu. Wodini wenzangu waligeukia ukutani kila kidonda kilipooshwa. Nilijichukia. Nilikuwa nageuza uso hata Maria akinilisha.

Ndipo siku moja akaja Mama Salome na ugali na mlenda.

"Shikamoo, mama. Kaa mbali, nanuka."

"Marahaba. Tulinuka wote, mwanangu. Nawa tule."

Akakaa kitandani kwangu, akala nami sahani moja, akalamba vidole. Toka siku hiyo nikaanza kula.

Niliporuhusiwa, nilipitia Mkiwa na mkongojo wangu, nimwoneshe mwenye gesti ule mguu. Aliutazama kidogo tu. "Pole," akasema, "lakini mliniharibia jina." Nyuma yake choo kilikuwa kimejengwa upya, juu ya miti mibichi kama mwanzo, kimepakwa chokaa kikapendeza. Kichefuchefu kilichonishika pale kilizidi cha shimoni. Nilimwambia mbele ya wateja wake nilichokunywa chini ya sakafu yake. Wakaacha vikombe.

Leo natembea, nachechemea kidogo. Namshukuru Mungu, daktari, Mama Salome, na Maria aliyeniosha wakati mimi mwenyewe nisingejigusa. Wewe mwenye kidonda kinachonuka, usikifiche kwa aibu, wala usikubali samadi. Nenda hospitali mapema. Mtu akitumbukia shimoni, usimfuate bila kamba na watu wa kukuvuta. Na kama ndani kwako kuna mgonjwa kama nilivyokuwa, usimseme ukiwa mlangoni. Ingia, kaa naye, mle pamoja.