Shikamoo ya Chumba cha Baridi

Mama yake aliwaambia majirani kwamba kazi ya binti yake ni kuzuia. "Kuzuia nini?" wakauliza. "Mimi nitajuaje? Ana kizuizi chake huko maabara." Majirani wakaelewa kwamba binti amekuwa mlinzi wa geti, na tangu siku hiyo wakamheshimu kuliko walivyomheshimu alipokuwa mtafiti.

Kizuizi chenyewe kilikuwa protini ndogo aliyoibuni mwenyewe. Ndani ya seli kuna kimeng'enya kinachopokea lebo na kuipitisha ibandikwe kwenye protini zilizochakaa, na chochote chenye lebo huenda kukatwakatwa. Shida ni kwamba siku nyingine mkono hukiwasha, hata protini nzima zikabandikwa. Kizuizi chake kilikidaka kisipokee lebo. Yeye alikuwa na hakika, lakini mkurugenzi hakutaka hakika, alitaka picha ya kizuizi kikiwa kimekishika kimeng'enya.

"Mwezi huu ukiisha bila picha," alisema, "meza yako anapewa mwingine."

Picha hupatikana kwa kugandisha protini hizo ziwe fuwele, kama chembe za chumvi, na kuzipiga eksirei, na fuwele za protini zina maringo kuliko bi harusi. Baada ya kubembelezwa kwa miaka, zilikuwa zimeota kwenye trei moja tu, ndani ya chumba cha baridi.

Hapo sasa akaja mzee wa stoo, ambaye jengo zima lilimwita Bwana Lebo. Alikuwa amepewa amri ya kuondoa takataka, pamoja na bunda la lebo za manjano zilizoandikwa TUPA. Jamani, madaraka matamu! Akabandika viti vibovu, akabandika viti vizima, akabandika koti la profesa mwenyewe akiwa msalani. Wasafishaji hawakuuliza. Wakiona manjano, wanabeba.

Ijumaa binti alimkuta chumba cha baridi, lebo imeshabanduliwa, kidole kinaielekea trei yake. Kubishana na mzee yule kulikuwa kumchochea tu. Kitu kimoja ndicho alichokipenda kuliko lebo, nacho ni kuamkiwa.

"Shikamoo, baba!" Akaudaka mkono ule kwa mikono yake yote miwili.

"Marahaba, mwanangu."

"Nyumbani hawajambo? Mama hajambo? Na mgongo wako?"

"Ah, mgongo usiseme," akajibu mzee, kisha akausema wote, tangu ulipoanza. Lebo ikakunjamana kiganjani. Binti meno yanagongana kwa baridi, lakini mkono hauachii.

"Mwanangu, mkono wangu."

"Bado sijamaliza kukusalimia, baba."

Akamsalimia hadi nje ya mlango, akamsalimia hadi mwisho wa korido.

Jumatatu akasafiri na fuwele zake hadi kwenye mashine kubwa ya eksirei, mji mwingine. Picha ikatoka safi: kizuizi kimekikumbatia kimeng'enya pale pale kinapopokelea lebo, hapapiti hata unywele. Alilia mbele za watu wala hakuona haya. Akampigia mama yake simu.

"Mama, kimeshika!"

"Wamemshika nani? Mwizi?"

Alirudi maabara akitembea kama aliyeshinda uchaguzi, picha mkononi, moja kwa moja hadi chumba chake. Mahali palipokuwa na meza, sakafu ilikuwa imepigwa deki ikang'aa.

Bwana Lebo alikuwa amesimama mlangoni, bunda mkononi, uso umejaa huruma ya kweli.

"Nilikupitia asubuhi, mwanangu," akasema. "Hukuwepo kunisalimia."