Mahali Asipojulikana Lidia

Gilberto Arruda, au Gil, alikuwa kinyozi katika Mtaa wa Columbia, mjini Fall River, ambako Wareno wanajuana hadi rangi za mapazia. Mkewe Conceição alipofariki kwa saratani, hakulazimika kumpasha mtu habari. Watu walifika na masufuria ya supu kabla hajavua koti, wakaendelea kuja miezi na miezi. Alibaki na Lidia, binti yao wa pekee, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu. Tangu hapo baba na mwana walikula chakula cha jioni pamoja kila siku, na jina la marehemu halikutajwa mezani. Gil aliona hiyo ndiyo namna ya kumhurumia mtoto.

Lidia alipofika miaka kumi na sita, chuo kimoja cha Maine kilimkubali kwenye masomo ya kiangazi kwa wanafunzi wa sekondari. Angekaa bwenini wiki tatu, akijifunza viumbe wa baharini pamoja na vijana wa majimbo mengine. Barua ilimwita "mteule." Gil aliibandika kwenye kioo cha saluni kabla hajaifikia sehemu ya ada. Alipoifikia aliiacha hapo hapo, ila akaacha kuwaonyesha watu.

Alikuwa amechelewa. Wateja walishaiona, na saluni ikageuka baraza. Norberto, fundi wa mabomba, alisema mwanawe alikwenda masomo ya aina hiyo Boston.

"Akarudi na fulana," alisema, sabuni ikiwa imemjaa kidevuni. "Fulana nzuri, sikatai. Lakini ni fulana."

Elmano, aliyekuwa akisubiri zamu, alimwambia asiwapime watoto wa watu kwa kipimo cha mwanawe, ambaye hata angepelekwa mwezini angerudi na njaa tu. Watu wakacheka. Gil alicheka nao, lakini usiku ule hakupata usingizi mzuri, na kesho yake akaenda shuleni kumwona Bi. Pruitt, mshauri wa wanafunzi.

Bi. Pruitt hakumzungusha. Alimweleza kwamba masomo mengi ya namna hiyo huwapokea karibu wote wanaoweza kulipa, na kwamba kulala kwenye bweni la chuo kiangazi hakumfungulii mtu mlango wa chuo hicho baadaye. Msaada wa ada upo, akasema, kwa wanaouomba mapema. Kisha akamuuliza Lidia mwenyewe anakwenda kutafuta nini kule.

Gil akagundua kwamba hajawahi kumuuliza.

Alitoka pale mwepesi, karibu apige mluzi. Sababu ya kukataa ilikuwa imepatikana, tena imetoka kwa mtu mwenye elimu. Njiani alinunua mkate mtamu, ule ambao Lidia anaupenda, ili maneno yake yapate kitu cha kuteremkia.

Jumatatu saluni hufungwa. Siku hiyo alimkalisha Lidia kitini ampunguze nywele, kazi aliyoirithi kwa marehemu mkewe.

"Bi. Pruitt anasema yale masomo hayatakuingiza chuo chochote," alianza.

"Najua."

"Unajua?"

"Kila mtu anajua, Baba."

"Sasa unakwendea nini?"

Lidia alichezea ukingo wa shuka aliyofungwa shingoni.

"Nikienda kununua mkate, Bi. Idalina ananishika shavu, anainamisha kichwa hivi. Miaka mitatu sasa. Walimu wanainamisha, padri anainamisha. Hata wewe unainamisha. Nataka kuingia mahali nikaonekane msichana tu, anayependa kaa. Wiki tatu tu, Baba. Halafu nitarudi."

Gil alitazama kioo, akaona kichwa chake kimelala upande. Akakinyoosha. Lidia alikuwa amemwona, na wote wawili wakaangua kicheko, kisha kicheko kikawaishia ghafla.

"Na mimi nitakula na nani?" Gil aliuliza. Hakuwa amekusudia kulisema. Lilipomtoka ndipo alipojua kwamba tangu barua ifike, hilo ndilo lililokuwa likimkaba.

Lidia alitoa mkono chini ya shuka, akamshika kidole. "Kwa Mama Mdogo Zulmira. Anakualika kila Jumapili, unasingizia mgongo."

Waliomba ule msaada, wakapata sehemu kubwa. Mwezi wa Julai Gil alimpeleka chuoni, akampandishia matandiko hadi ghorofani, akasalimiana na Marit, msichana wa Nebraska ambaye wangelala chumba kimoja. Akatafuta la kufanya. Akajaribu dirisha kama linafunguka.

"Baba," Lidia alimwambia polepole, "sasa nenda."

Jumapili iliyofuata alikwenda kwa Zulmira, mdogo wake Conceição. Katikati ya chakula Zulmira alikumbushia jinsi dada yake alivyokuwa akiimba kwenye maandamano ya Roho Mtakatifu, sikukuu ya Wareno, kwa sauti isiyoshika njia, hadi wapiga tarumbeta wakapotea. Gil alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha meza. Alirudi tena katikati ya wiki bila kualikwa.

Lidia hakupiga simu sana. Alipopiga, wiki ya pili, Gil alikuwa akimnyoa Norberto. Lidia alimweleza kwamba kila mashua inapotoka yeye hutapika, na harufu ya dawa ya kuhifadhia samaki inamwumiza kichwa. Alichokipenda ni kuwachora wale kaa, mguu kwa mguu, mwalimu akimsimamia.

"Nadhani bahari siiwezi, Baba," alisema. Kisha, "Nimemwambia Marit kuhusu Mama. Hakuinamisha kichwa. Aliniuliza tu Mama alipenda kula nini."

"Ukamjibu nini?"

"Sikukumbuka. Alipenda nini?"

Gil aliweka wembe chini. Akamwambia: soseji ya damu iliyokaangwa pamoja na nanasi, na hakuila mezani hata siku moja, aliila amesimama jikoni, kwa vidole, akidai anaonja chumvi. Akamwambia jinsi alivyokuwa akiunguza vidole kila mara na kuilaumu sufuria. Akamwambia na mengine, na Norberto, nusu ya uso imenyolewa, nusu imeganda povu, alitulia kitini asikohoe.

Lidia hakuomba kusoma chuo kile, wala mambo ya bahari. Baadaye alisomea uchoraji katika chuo cha jimbo, karibu na nyumbani. Lakini kiangazi kile, siku aliyorudi, alimkuta baba yake jikoni akikata nanasi, na kabla hajatua begi akamuuliza mama alikuwa akilikata nene au jembamba.