Mkono Uliobaki Motoni

Nilipokuwa na miaka tisa, kitu nilichokiogopa kuliko nyoka kilikuwa povu la binamu yangu Zena. Alinizidi miaka miwili, tulilala kitanda kimoja nyumbani kwa bibi, kijijini Itetemia, na alikuwa na kifafa. Bibi alinionya mapema, kama alivyoonywa na wakubwa zake: "Akianguka, usimguse mpaka povu likauke. Likikugusa, kimehamia kwako." Sikuwahi kuuliza ni nani aliyewahi kuhamiwa. Kwetu jambo hilo halikuulizwa.

Sasa mimi ni mwalimu wa biolojia, na kila mwaka nikifika kwenye mada ya mfumo wa fahamu, natamani kuiruka. Nawaambia wanafunzi kwamba ukigusa jiko la moto, habari hupita kwenye neva hadi uti wa mgongo, na jibu hurudi kwenye misuli papo hapo. Mkono unakuwa umeshatoka kabla ubongo haujajua kumetokea nini. Wanaipenda sana sehemu hiyo, wanaanza kufinyana madawatini. Mwaka huu binti mmoja wa mstari wa mbele aliuliza, "Madam, mbona jirani yetu mwenye kifafa mkono wake haukutoka? Aliungua mpaka akaja kutolewa."

Nilimjibu vizuri tu. Nilieleza kwamba kifafa kikipanda, seli za ubongo hurusha umeme kwa pamoja bila mpango, misuli yote ikakakamaa, na ile amri ndogo ya uti wa mgongo haipati nafasi. Kisha nikatoka nje, nikisingizia kufuata chaki.

Siku ile ya utotoni, saa nane mchana, tulikuwa tunayeyusha nta. Babu alikuwa amekamua asali, na masega yalichemka kwenye sufuria juu ya mafiga. Mimi nilikoroga kwa mwiko, Zena alichochea kuni. Bibi alikuwa nyuma ya nyumba akisuuza gunia la kuchujia. Zena alinyamaza katikati ya neno, akaanguka, mkono wake wa kulia ukaingia kwenye makaa.

Nilisubiri utoke. Haukutoka. Povu lilimtoka mdomoni likashuka shingoni, na mimi nilisimama hatua mbili tu kutoka kwake, nikiliangalia, nikiomba likauke upesi. Hata bibi sikumwita. Kilichomleta ni harufu.

Bibi hakusita. Alimkumbatia Zena kifuani, povu likamlowesha mikono na kitenge, akamburuta hadi kwenye ndoo ya maji. Aliposhusha pumzi ndipo akanigeukia.

"Ulikuwa wapi?"

"Chooni, bibi."

Aliutazama mwiko. Nilikuwa bado nimeushika, nta inadondokea mguuni pangu. Akarudi kuumwagia maji mkono wa Zena. Mwezi mzima nilimvizia bibi nione kifafa kitamwangusha lini, na hakuanguka.

Vidole viwili vya Zena havikupata hisia tena, maana neva ziliungua pamoja na ngozi. Leo anaishi mjini, mtaa wa Gongoni, anameza dawa zake kila siku, ni fundi cherehani, na joto la pasi hulipima kwa mkono wa kushoto. Kila nikimwona anafanya hivyo, natazama pembeni. Nilidhani ameamini miaka yote kwamba nilikuwa chooni.

Jioni ya siku ile ya swali nilikwenda kwake. Nilikaa, nikanywa chai yake, nikaona nikiimaliza sitasema tena.

"Zena, sikuwa chooni."

Aliendelea kukata nyuzi. "Najua. Bibi aliniambia habari za mwiko."

"Lini?"

"Alipokuwa mgonjwa, kabla hajatutoka. Akasema nisikusumbue, wewe ulimtii yeye. Alisema aliyeniacha kwenye moto ni yeye."

Nililia pale pale, mtu mzima, mbele ya mteja aliyefuata sare ya mwanawe. Bibi aliliogopa povu lile kuliko nilivyoliogopa mimi, alijua hakika kwamba kifafa kitamhamia, na bado aliingiza mikono. Kisha akaubeba na ule woga wangu, miaka yote ile, bila kuniambia.

Kesho yake sikuanza kwa kuchora neva ubaoni. Niliwasimulia wanafunzi habari za mwiko. Nikamwambia yule binti wa mbele kwamba mtu akianguka karibu na moto, amshike amtoe, hata kama povu linamwagika.