Théoneste wa Masisi, Mtu Aliyekubali Kupita Kiasi

Alizaliwa mwaka wa 1956 katika vilima vya Masisi, siku ambayo ng'ombe wa baba yake walivunja ua na kutawanyika, na wote waliokuwapo wanashuhudia kwamba hakulia. Mkunga alimpiga kofi, mtoto akamtazama. Akampiga la pili, mtoto akapiga mwayo. Bibi yake alitamka kwamba huyu ama atakuwa mtakatifu ama atakuwa mzigo, na mjane wa Théoneste, Mama Léocadie, ambaye ndiye aliyetusimulia mengi ya haya, anasema bibi alipatia yote mawili.

Wito ulimfikia ujanani, alipokuwa akitunza bustani ya misheni. Padre mzee wa pale, aliyependa falsafa kuliko kabichi, alimfundisha habari za Wastoa, wenye hekima wa Ugiriki na Roma ya kale, waliosema kwamba maisha mema ni kutenganisha yaliyo chini ya uwezo wetu na yasiyo chini yake, kuyatenda ya kwanza kwa haki na kuyapokea ya pili bila kununa. Théoneste alilipokea fundisho hilo kama mwenye njaa anavyopokea ugali. Kwa bahati mbaya padre alihamishwa kabla hawajamaliza, na kijana akabaki na nusu moja tu, ile ya kupokea.

Alihamia Goma, akawa katekista, akamwoa Léocadie mwaka wa 1984. Mvua ikivuja kitandani, alisogea. Mwendesha pikipiki akimrushia tope, alimbariki. Januari 2002 mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipolipuka na moto wake kushuka hadi mjini, nyumba yao ya mbao ilimezwa. Théoneste alisimama mbele ya jiwe la lava lililokuwa bado linafuka moshi, akavua kofia.

"Ile nyumba haikukuwaka yetu," alisema. "Mungu alituazimaka tu."

"Haikukuwaka yako," Léocadie akamjibu. "Misumari yote ni miye niliipigaka."

Nyumba nyingine ilijengwa juu ya jiwe lilelile, Léocadie akigongelea, mumewe akimpa misumari kwa utulivu wa kupigiwa mfano. Kama utakatifu hupimwa kwa subira, basi habari hii ina watakatifu wawili, na msomaji atachagua wake.

Jaribu kubwa la maisha yake lilikuja mwaka wa 2019. Gradi, mwana wao wa pekee, alimpenda Umwiza, binti wa watu wa Rutshuru waliokuwa wakikaa juu kidogo ya Kituku, soko la samaki la Goma kando ya ziwa. Desturi ya familia hizi inajulikana. Ujumbe wa kijana hufika na msemaji wake kuomba binti, na msemaji wa wenyeji hukataa: binti hayupo, au yupo lakini ameshachumbiwa. Wote wanajua ni mchezo. Msemaji mgeni hubembeleza na kuchekesha hadi wenyeji walainike, na kwa kuwa neno lake ndilo neno la familia, wenzake hufunga midomo. Hilaire, bingwa wa kazi hiyo, aliharibikiwa na pikipiki njiani akitoka Kiwanja. Ikabidi Théoneste mwenyewe asimame.

Jean de Dieu, mjomba wa Umwiza na muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, sokoni Kituku, alinyoosha koti, akakohoa kwa madaha.

"Bazee, tunasikitika. Ule mutoto iko na fiancé Canada."

Théoneste alijua vizuri kwamba ni mchezo. Alikuwa amehudhuria harusi nyingi. Lakini mtu aliyejizoeza kukubali miaka yote hiyo, neno "hapana" likimfikia masikioni, miguu husimama yenyewe.

"Kama ni vile," alisema, "Mungu abariki ule wa Canada. Asante kwa kutupokea."

Akatoka. Léocadie alimvuta koti, koti likamponyoka. Ujumbe mzima ulimfuata msemaji wake kama desturi inavyotaka, shangazi mmoja akiwa bado na soda mkononi. Nyuma ya pazia Umwiza aliangua kilio.

Mambo yakakwama. Aliyeondoka hivyo harudi bila kuitwa, na wenyeji hawawezi kumkimbilia mkwe njiani kana kwamba binti yao amedoda. Aliyeumia kuliko wote ni Jean de Dieu, aliyekuwa ameandaa mizaha wiki nzima na hakupata nafasi ya kutoa hata mmoja. Gradi aliacha kula, akaacha kumsalimia baba yake.

"Kama Mungu hakutaka ile ndoa," alisema Théoneste, "haiko mu mikono yangu."

Hapo Léocadie aliweka sufuria chini.

"Moyo ya Jean de Dieu haiko mu mikono yako. Ya Mungu vilevile. Na magoti? Magoti ni ya nani?"

Théoneste aliyatazama magoti yake, kwa uaminifu.

"Ni yangu."

"Basi uyapeleke Kituku."

Ndivyo nusu ya pili ya falsafa ilivyomfikia, akiwa na miaka sitini na mitatu. Alishuka hadi soko la samaki, akapiga magoti katika maji ya sambaza mbele ya akina mama wote.

"Muzee, nimekuja kuomba mutoto."

"Mutoto gani? Hapa tunauzisha sambaza."

"Kukatala ni yako, muzee. Kuomba ni yangu, na sitasimama."

Macho ya Jean de Dieu yaling'aa. Mizaha yote aliitoa siku hiyo, mmoja baada ya mwingine, na Théoneste akajibu kila mmoja, kwanza kwa kigugumizi, kisha kwa ufasaha ambao hakuna aliyemdhania kuwa nao, mpaka soko likasahau kuuza. Jua lilikuwa linaelekea magharibi Jean de Dieu alipomshika mkono na kumwinua. Gradi na Umwiza walifunga ndoa Agosti ya mwaka uleule.

Alipougua mwaka wa 2023, padre alimwuliza kama anayakubali mapenzi ya Mungu. "Ninakubali, Padre. Lakini muniache niombe kwanza." Akaomba afike Jumapili, amwone mjukuu wake akibatizwa, na alipokuwa akiomba alilia kwa sauti, machozi yakimlowesha shingo. Alifariki Jumamosi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Léocadie.

Miujiza yake ni ya namna ya pekee. Mama mmoja wa Katindo, aliyechoshwa na mama mkwe, alimwita Théoneste kwa sala: mama mkwe hakubadilika hata kidogo, lakini mama huyo alianza kulala usingizi. Kanisa, ambalo halina haraka, bado linatafakari. Sisi tusingoje. Ndugu mwamini, ukitaka kumwiga, mapenzi ya Mungu yapokee kwa moyo mweupe, lakini usiseme "yatimizwe" kabla magoti yako hayajanuka samaki.