Siku Nilipomweleza Mzee Shabani Habari za Mshipa

Mkinicheka sitanuna, maana hata mimi nikikumbuka najifunika uso kwa kanga ya mke wangu. Mwaka ule Buhigwe walipopewa wilaya yao, mimi nilikuwa mwalimu wa Baiolojia kule Titye, mtu wa Lindi, mgeni, nimempenda Zaina binti wa Mzee Shabani, muuza vitambaa wa Kasulu mjini (mzee mkali, sauti yake inasikika mtaa wa pili), na mshenga wangu alikuwa mwalimu mwenzangu Bahati, Mha wa Muyama, ambaye njia nzima alinisihi, "Ego," yaani ndiyo kwa Kiha, "twende wote, lakini posa ni kazi yangu. Wewe kula, nyamaza."

Ningenyamaza! Lakini mama Zaina akaandaa migebuka ya mawese, mmoja jicho limenikodolea, nami siku hizo nilikuwa nasoma habari za macho ya samaki, zimenijaa kichwa kizima, nikaona nimwonyeshe mzee kwamba binti yake anapata msomi.

"Mzee, huyu samaki usimwone hivi. Mshipa wake ukikatwa, unarudi!"

Mzee akaacha kutafuna. "Unarudi?"

"Tena wote! Ndani yake kuna protini zimejipanga kama fito za nyumba. Ukishakatwa tu, mwili unasimamisha fito mpya, mshipa unaota, unarefuka, mpaka unafika palepale ulipokuwa!" (Bahati ananifinya paja, mimi nadhani ananipongeza.)

"Na mtu je?" mzee akauliza, taratibu.

"Kwa mtu bado," nikasema, nikamwona kanywea, nikataka kumtia moyo, "ila usikate tamaa mzee wangu, wataalamu wanahangaika usiku na mchana ili hata kwa binadamu urudi!"

Mzee akasimama. "Mama Zaina! Nani kamwambia huyu kwamba Jumatatu nakwenda kukatwa mshipa?"

Duka liko mbele ya nyumba, na ilikuwa siku ya soko. Mteja mmoja akaita, "Pole, mzee!" na mwingine, "Pole sana, ngiri mbaya!" Hapo ndipo nikaelewa. Mimi nasema mshipa wa fahamu, yeye ana ngiri, na wazee kwa adabu ngiri huiita mshipa.

"Mzee, mimi nilisema wa jichoni!"

"Jichoni? Mshipa wa jichoni umeuona wapi wewe?"

Dukani watu wakaangua kicheko, Zaina nyuma ya pazia naye hajiwezi, mimi najua mke ndiyo basi tena. Bahati akaomba radhi, akaitoa na posa humohumo, mpaka akakaukiwa mate. Mwishowe mzee akaninyooshea kidole.

"Posa nimeisikia. Nikipona, njoo uchukue jibu. Ila mshipa ukirudi, wewe usirudi."

Wallahi sijawahi kumwombea mtu afya vile, hata mama yangu mzazi. Akapona, akanipa Zaina, na tangu hapo nimeapa: darasani nasema neva, na ukweni wakiniuliza samaki yukoje, najibu chumvi imekolea.