Sketi Iliyopunguzwa Mara Tatu

Wanafunzi walimwita Mama Sindano. Jina lake la kuzaliwa pengine alilijua karani peke yake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa sare katika shule ya bweni ya wasichana, ndani ya chumba chembamba nyuma ya stoo ya magodoro. Ushonaji alifundishwa na shangazi yake, mwanamke mkali aliyempiga vidole kwa rula kila mshono ulipokwenda upogo. Mume alimfia mapema, watoto wawili akawalea kwa cherehani, na kazi ile akailinda kama mboni ya jicho.

Wasichana walipenda kuja kwake. Anayepimwa kiuno hana budi kusimama tuli, na akisimama tuli, maneno humtoka. Aliyevunja ungo akaogopa kusema, aliyekosa barua ya nyumbani, aliyegombana na shoga yake, wote aliwasikiliza huku amebana pini midomoni.

"Vuta pumzi, mwanangu," aliwaambia. "Si wewe wa kwanza."

Muhula wa pili, msichana mmoja wa kidato cha pili, mrefu, mpole, mwenye mwanya, alileta sketi ipunguzwe. Fundi akapunguza vidole viwili. Wiki tatu baadaye msichana akarudi nayo, ikapunguzwa tena. Alipokuja mara ya tatu, Mama Sindano alizungusha utepe wa kupimia, mkono ukasita.

"Wewe mtoto, unakula?"

"Nakula, mama."

"Usinizunguke. Nimekupima mimi mwenyewe."

Msichana akatazama mlango, kisha akasimulia. Mwanzo wa muhula shule ilitundika sanduku la maoni, wakaambiwa waandike shida zao bila kutaja majina. Yeye akaandika kwamba kiranja wa bweni lao anawanyang'anya wadogo sabuni. Jumatatu mkuu wa shule akakisoma kikaratasi mstarini, neno kwa neno, ili amkemee kiranja. Kufika jioni bweni zima lilishamjua mwandishi kwa maneno yake. Tangu hapo, akikaa mezani bwaloni, wenzake huinua sahani zao wakahama. Basi akaacha kwenda.

"Usimwambie mtu, mama. Nikisema tena, nimekwisha."

Mama Sindano alimpa mkate wake wa saa nne, akamkalia mpaka akaumaliza. Kesho yake alishindwa kuvumilia, akamfuata matroni, aliyekuwa akihesabu shuka za wagonjwa.

"Matroni, yule mtoto anakwisha. Haendi bwaloni."

"Hawa wanataka viuno vya nyigu," matroni akajibu bila kuinua kichwa. "Wewe shona, dada. Ulezi tuachie wenyewe."

Ofisi ya mkuu wa shule ilikuwa hatua thelathini kutoka pale. Lakini mwaka uliopita mpishi mmoja aliingia humo kulalamikia maharage yaliyooza, na wiki haikuisha akawa hana kazi. Mdomo ulimponza. Mama Sindano akasimama kidogo uani, akageuka, akarudi chumbani kuimalizia ile sketi.

Siku ya kumi tangu hapo msichana alianguka mstarini, kichwa kikagonga ukingo wa saruji.

Kwenye kikao cha wafanyakazi kilichoitishwa kesho yake, mkuu wa shule aliuliza kama kuna aliyejua kwamba mtoto hali. Matroni akasema hakupata habari yoyote.

"Nilikwambia!" Mama Sindano akapaza sauti.

"Uliniandikia?"

"Mimi na wewe tumeanza kuandikiana lini?"

Mkuu wa shule akafunga faili. Ikaandikwa kwamba hakuna taarifa iliyotolewa.

Mama mzazi alikuja kuchukua sanduku la nguo. Mwanawe alikuwa bado hospitalini, na jicho la kushoto halioni. Aliingia chumba cha fundi akiwa ameshika sketi.

"Hii umeishona wewe?"

"Ndiyo, dada."

"Mishono mitatu."

"Mitatu."

"Kwa hiyo ulijua."

Mama Sindano alitaka kumweleza habari za matroni, za kikao, za mpishi. Akaitazama ile mishono.

"Nilijua."

Yule mama aliikunja sketi polepole. "Aliniandikia kwamba kuna mama mmoja hapa anampenda," akasema, akatoka.

Muhula uliofuata shule ilifungua chumba cha ushauri nasaha, na fundi akaagizwa ashone mapazia. Akayashona, ya buluu, yenye marinda. Aliyewekwa kukaa humo ni matroni. Ikatoka pia amri kwamba wanafunzi wapimwe sare mbele ya kiranja, na wasichana wakawa wanapimwa kimya, wanaondoka.

Mama Sindano alibaki pale miaka miwili mingine, hadi kustaafu. Mara mbili alimwandikia yule mama barua. Hakujibiwa.