Walivyotuharamishia Kahawa ya Nermin

Kahawa ya Kituruki ikikaribia kuchemka hutoa harufu nzito inayojaza ngazi zote, na mwaka niliokuwa na miaka tisa harufu hiyo ndiyo iliyonipokea kila nikirudi kutoka shule. Tulikuwa tumepanga ghorofa ya tatu, Kilburn, huku ughaibuni, mimi na Mama tu, na mlango wa pili ulikuwa wa Bi Nermin, mjane wa Kituruki. Mama alikuwa akihudumia wazee majumbani mwao, leo huku kesho kule, akishuka basi hili na kupanda lile, na saa ya mimi kutoka shule yeye bado anamlisha mtu supu. Jamaa zetu wote wako Mombasa, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Aliyenifungulia mlango, akanivua koti lililorowa na kuniuliza nimekula nini, ni Nermin. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwa nini hasira yangu haijapoa mpaka leo.

Kisufuria chake kilikuwa cha shaba, kidogo, chenye mkono mrefu. Kahawa yao husagwa ikawa laini kama poda ya mtoto, wala haichujwi; hutiwa pamoja na maji baridi na sukari, ikapashwa kwa moto mdogo, na mpishi haruhusiwi kugeuza macho, maana povu likimwagika hiyo si kahawa tena, ni aibu. Mama, aliyekulia kahawa chungu na kashata, alidhani anajua kila kitu kuhusu kahawa. Siku ya kwanza alipokunywa kwa Nermin alishukuru, akainuka na vikombe vyote, akavisuuza chini ya bomba. Mtu mwenye adabu haachi vyombo vichafu nyumba ya watu, ndivyo alivyolelewa. Nermin alipiga ukelele utadhani kakanyaga mwiba. “Umeimwaga bahati yako!” Akaeleza, kwa kile Kiingereza cha kuungaunga walichokuwa nacho wote wawili, kwamba mashapo yanayobaki chini ndiyo yanayosomwa: kikombe hufunikwa kwa kisahani, hupinduliwa, huachwa kipoe, kisha mwenyeji huitazama michoro iliyobaki na kusema lolote la kumchangamsha mgeni. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Na huko kusoma kwenyewe kulikuwa nini, jamani? Porojo tu. Nermin aliona ndege, akasema ni barua. Aliona njia ndefu, akasema ni safari, na Mama akamjibu kwamba hiyo ni njia ya Southall, kwenda kumwogesha mzee wa watu. Lakini baada ya kicheko Nermin aliuliza taratibu, “Hapa naona jiwe. Nani kakuwekea?” Ndipo Mama aliposema mambo ambayo sikuwahi kumsikia akiyasema: kwamba amechoka, kwamba baba yangu hapokei simu zake. Nusu saa hiyo ndiyo iliyokuwa pumzi yake. Kisha adhana ilikuwa ikilia kwenye redio ndogo ya Nermin, naye akitandika mswala na kuswali, sisi tukiwa bado tumekaa.

Ulimi uliponza kichwa, na ulimi ulikuwa wangu. Jumapili moja tulikwenda Hayes, kwenye ukumbi ambako akina mama wa pwani walikuwa wakikutana. Kiongozi wao alikuwa Bi Rukia, mwanamke wa sauti kubwa na pete nyingi. Aliniuliza nakaa na nani Mama akiwa kazini, nami nikajibu kwa kujivuna kwamba nakaa kwa Mturuki, na kwamba humsomea Mama kikombe. “Astaghfirullah!” akasema Bi Rukia. “Kumbe mwenzetu anapiga ramli!” Haya aliyasema akiwa amempakata mjukuu aliyefungwa hirizi mkononi, naye mwenyewe hakuozesha binti hata mmoja bila kuwatuma watu Mombasa wakaangalie nyota. Nyani haoni kundule! Wengine walitikisa vichwa, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwambia anyamaze.

Tangu siku hiyo Mama hakugusa tena mlango wa Nermin. Mimi nikawa nakaa maktaba mpaka amalize kazi. Jumamosi ya kwanza Nermin alikuja kugonga, na Mama akaniwekea kidole mdomoni. Tulisimama nyuma ya mlango wetu wenyewe tumebana pumzi, tukisikia viatu vyake vikisubiri. Aligonga tena, akaita jina langu, akarudi kwake. Alifanya hivyo wiki tatu, masikini, bila kujua amekosa nini, na hakuna aliyemwambia. Kabla ya mwaka kwisha alihama. Baadaye muuza mboga wa mtaani ndiye aliyetuambia kwamba amefariki, peke yake, huko alikohamia.

Siku hizi mkahawa wa Kituruki umefunguliwa barabara kuu ya Kilburn, na mnadhani nimewakuta nani humo? Bi Rukia na wenzake! Wamefunika vikombe, wanavipiga picha, wanawarushia wajukuu kwenye simu, “Nitabirie basi, shoga!” na vicheko juu. Leo ni utamaduni. Leo si ramli tena. Nilitoka bila hata kuagiza, nikaenda moja kwa moja kwa Mama.

“Ulidhani kweli ni ramli?” nilimuuliza.

“Ramli gani? Nilijua ni mchezo tangu siku ya kwanza.”

“Sasa kwa nini, Mama?”

Aliendelea kukunja nguo. “Mwanangu, tulikuwa wawili tu nchi hii. Ningekufa, nani angeniosha na kunivisha sanda? Wanaoosha maiti zetu ni hao hao akina Rukia. Ningegombana nao vipi?”

Nilitaka kunyamaza kwa heshima, nikashindwa. “Nermin angekuosha. Mwislamu yule, aliyekuwa akiswali kuliko sisi. Tena angekuosha kwa mapenzi.”

“Najua,” akasema Mama, na mikono yake ikasimama juu ya nguo. “Na yeye, nani alimwosha?”